Staa Kafungiwa Bure, Shabiki Analipia kwa Injini

Kuna fasheni imeshika kasi mjini, kuanzia Kinondoni na Mwananyamala mpaka Tandika na Mbagala. Mtu akishapata Mark X, Altezza au Subaru yake, kabla hata hajamwaga oili ya zamani, anakimbilia gereji kufunguliwa boneti. Boksi la filta la kiwandani linatolewa na kutupwa pembeni. Mahali pake panakaa bomba linalong'aa, jekundu au la bluu, na mwisho wa bomba kuna filta yenye umbo la koni. Mafundi wanaliita inteki ya hewa baridi. Ukiuliza inafanya kazi gani unajibiwa kwa neno moja: nguvu.

Fasheni hii haikudondoka kutoka mawinguni. Imeletwa na mastaa, na hapo ndipo pa kuongelea.

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, mkazi wa Kinondoni, jina tuliache mlangoni maana wadau wataling'amua wenyewe. Huyu aliposti klipu fupi usiku, gari yake ya Kijapani yenye turbo ikiwa boneti wazi, fundi anakanyaga mafuta, injini inanguruma mpaka simu inayorekodi inatetemeka. Chini akaandika kwamba mnyama kaamka, akaweka na jina la gereji. Mashabiki wakamwaga moto kwenye komenti. Wanaojua wanasema hakutoa hata mia. Vifaa bure, ufundi bure, makubaliano yalikuwa posti mbili na kuitaja gereji.

Mpaka hapo hakuna dhambi. Msanii naye anakula kwa jina lake, na gereji ina haki ya kujitangaza. Tatizo ni kwamba hakuna sehemu hata moja aliyosema kuwa lile ni tangazo. Shabiki wa Temeke anaona staa kachagua kitu kwa mapenzi yake na kwa hela yake, anaamini, anaingia mfukoni. Wanaojua haohao wanasema miezi miwili baadaye lile boksi la zamani lilirudishwa kimyakimya, baada ya gari kuanza kukosa nguvu kwenye foleni na taa ya injini kugoma kuzima. Boksi likarudi, klipu haikufutwa. Mpaka leo ipo, inaendelea kuuza.

Sasa ili ieleweke kwa nini hili si jambo dogo, lazima mtu ajue lile bomba linafanya nini hasa.

Wazo lenyewe si uongo. Injini ya petroli haili mafuta peke yake. Gramu moja ya petroli ili iungue sawasawa inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Hewa ikiwa baridi inakuwa nzito, maana yake kwenye nafasi ileile inaingia nyingi zaidi. Kompyuta ya gari ikiona hewa imeongezeka, inaongeza na mafuta, na nguvu inapanda. Kwa makadirio ya fizikia, hewa ikipanda joto kwa nyuzi 3 uzito wake unashuka kwa kama asilimia 1. Kwa hiyo anayesema hewa baridi ni nguvu hajadanganya. Swali ni je, hiyo hewa baridi Dar es Salaam inatoka wapi?

Chukua mchana wa mwezi wa pili, nje kuna nyuzi 32. Gari imekwama kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu, feni ya rejeta inasukumia joto ndani ya boneti, ekzosi imeiva. Hewa ya mle ndani inaweza kufika nyuzi 60 na ushee. Lile boksi la kiwandani linalodharauliwa, kwenye magari mengi lina mdomo unaochungulia mbele, juu ya rejeta au pembeni kwenye fenda, ambako hewa ni ya nje. Limefunikwa, na plastiki haipitishi joto kirahisi kama chuma. Koni inayofungwa na mafundi wengi inakaa uchi, katikati ya joto lote, inavuta hilohilo. Kutoka nyuzi 32 mpaka 62, hewa imeshapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake. Yaani mtu kalipia hewa baridi, kapewa hewa ya jikoni. Ni kweli gari ikishika mwendo joto hilo linapungua. Lakini hivi kwa siku, gari ya Dar inashika mwendo dakika ngapi?

Mafundi wanaojua kazi wanalifahamu hilo, ndiyo maana wapo wanaofunga aina nyingine, bomba refu linaloshuka mpaka nyuma ya bampa ili koni ikae chini, mbali na injini. Hiyo kweli inapata hewa ya nje. Ila inaleta balaa jingine, maji.

Mkazi wa Dar hahitaji kufundishwa kuhusu maji. Mafuriko ya Desemba 2011 bado yamo vichwani, na kila masika ikichachamaa watu wanaulizana kama Jangwani panapitika. Huko pembezoni hata mvua ya saa moja inatosha kugeuza barabara ya mtaa kuwa mto. Koni iliyokaa nyuma ya bampa ipo karibu kabisa na lami. Dereva akiingia kwenye dimbwi ambalo jana yake alilivuka vizuri na boksi la kiwandani, safari hii koni inakunywa. Na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikipanda ikakutana na maji, lazima kitu kikubali kushindwa, na mara nyingi ni mkono wa pistoni, unapinda palepale. Hapo hakuna tena habari ya kukausha plagi na kusukuma. Hapo ni kufungua injini au kutafuta ya mtumba.

Tena Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa zamani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, enzi hizo ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na ilijulikana dunia nzima kwa vumbi na tope. Miaka ya 1990 Toyota Celica na Subaru Impreza zilizokuja kushindana huku zilifungwa snokeli, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Subaru ilishinda Safari mwaka 1997, kisha ikarudia mwaka 2000. Timu zenye pesa na wahandisi, zilizotaka kila nguvu inayopatikana, zilipofika kwenye barabara za huku zilipandisha mdomo wa hewa juu. Land Cruiser za mbugani nazo zinafanya hivyohivyo mpaka leo. Anayeushusha mpaka magotini ni kijana wa mjini mwenye gari ya chini, anayekatiza Yombo Vituka wakati wa masika.

Balaa la tatu ni vumbi. Injini ya lita 2.5, kama ile ya Mark X, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na pedali iko chini kabisa, inapitisha karibu lita 3,700 za hewa kila dakika. Barabara za ndani za Madale, Bunju, Chamazi na Buza wakati wa kiangazi kila mtu anazijua, nguo zilizoanikwa asubuhi mchana zimeshabadilika rangi. Filta ya karatasi ya kiwandani imetengenezwa kuzuia uchafu kabla ya kitu kingine chochote. Koni nyingi zinasifiwa kwa kupitisha hewa nyingi, na koni ya bei rahisi isiyojulikana imetoka wapi inaweza kuwa inapitisha na mchanga. Mchanga ukifika kwenye silinda unasugua kidogokidogo, bila kelele, mpaka gari inaanza kula oili na mwenyewe anashangaa.

Kuna na ile sensa ya kupima hewa, yenye waya mwembamba unaopashwa moto. Koni nyingine zinapakwa mafuta ili zinase vumbi. Ukizidisha mafuta, yanarushwa mpaka kwenye waya, sensa inaanza kusoma vibaya. Hata upana wa bomba ukibadilika bila kompyuta kupangwa upya, hesabu ya mafuta inaweza kuvurugika. Hapo ndipo taa ya injini inawaka, gari inakunywa petroli kuliko zamani, na aliyetafuta nguvu anajikuta na gari nzito kuliko aliyoinunua.

Haya yote yangekuwa maneno ya gereji tu kama isingekuwa kwamba kuna watu wanaumia.

Kijana mmoja wa Chamazi, muuza simu Kariakoo, alinunua Mark X nyeupe. Hela yake haikutosha, mama yake akajazia kwa mkopo wa VICOBA. Mpango ulikuwa mzuri tu. Katikati ya wiki gari ya kijana, wikiendi inakodishwa kwenye harusi, marejesho yanalipwa humohumo. Kijana akaiona ile klipu. Akaenda kwa fundi wake Temeke, na mazungumzo yao yanasimuliwa mtaani mpaka leo.

"Fundi, nataka kama ile ya kwenye klipu."

"Dogo, ile ina turbo, na kompyuta yake ishachezewa. Yako haina turbo."

"We funga tu, fundi. Nataka isikike."

Fundi akafunga, bomba refu, koni nyuma ya bampa. Ikasikika kweli. Watoto wa mtaa walikuwa wanaijua inarudi kabla haijakata kona. Ikaja mvua ya mwezi wa nne, usiku, akitoka kumpeleka bibi harusi wa watu nyumbani. Dimbwi halikuwa kubwa. Gari ikakohoa mara moja, ikazima, haikuwaka tena. Sasa hivi ipo chini ya mwembe, imefunikwa turubai, injini ya mtumba bei yake ni mamilioni na hayapo. Harusi hazikodi gari isiyotembea. Mama anaendelea kupeleka marejesho kila wiki kwa hela ya vitumbua.

Huyo kijana alikosea? Alikosea, na fundi angeweza kukataa. Ila angalau yeye alisema ukweli anachotaka: isikike. Tatizo la mjini ni kwamba sauti inauzwa kwa jina la nguvu. Boksi la kiwandani, pamoja na kuchuja, limetengenezwa kupunguza kelele ya hewa inayoingia. Ukilitoa, sauti iliyokuwa imefungiwa inatoka nje. Sikio linasikia ngurumo, akili inasema gari imeongezeka nguvu, mguu unakanyaga zaidi, na kweli gari inaenda zaidi kwa sababu mguu umekanyaga zaidi. Kwa injini isiyo na turbo, nguvu inayoongezeka kwa bomba peke yake huwa ni farasi wachache tu, tena hao ni pale kila kitu kimefungwa kitaalamu.

Watetezi hawakosi. Wa kwanza atasema hela yake, starehe yake, acheni wivu. Sawa kabisa. Mtu mzima akinunua sauti akijua ananunua sauti, hakuna wa kumnyooshea kidole, labda jirani mwenye mtoto mchanga. Anayenunua muziki mkubwa wa gari haambiwi kwamba spika zitaongeza spidi. Bomba nalo liuzwe kwa jina lake.

Wa pili atasema mbona Japani kwenyewe wanafunga. Ni kweli, na ina historia yake. Kuanzia mwaka 1989 mpaka 2004 kampuni za magari za Japani zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari ya kawaida yenye zaidi ya farasi 280. Gari kadhaa za spoti za enzi hizo zilitoka kiwandani na uwezo zaidi ya ulioandikwa kwenye karatasi, na wapenzi wa magari wakajenga utamaduni mzima wa kuufungulia. Inteki ni sehemu ya utamaduni huo. Lakini mtu makini wa kule anaanza na mashine ya kupima nguvu, anapanga kompyuta, anatenga koni na joto kwa kizuizi, halafu anaenda kukimbiza kwenye uwanja wa mbio wenye lami safi. Huku mtu anachukua kipande kimoja cha mnyororo mrefu, anakifunga peke yake, halafu anaenda nacho kwenye matuta ya mtaani na kwenye vibao vya 50.

Hivyo vibao vya 50 navyo viongelewe. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mark X iliyotoka Japani na boksi lake la plastiki inafika huko kabla dereva hajamaliza kufunga mkanda vizuri. Nguvu inayotafutwa ni ya kwenda wapi? Na magari mengi yanayonguruma usiku barabara ya Kilwa, ukiyachungulia chini unakuta tairi kipara, pedi za breki zimeisha na shokapu zinalia. Hela ya bomba ingetangulia huko, gari ingesimama pale inapotakiwa kusimama, na huo ndio uwezo wa kwanza wa gari ya spoti.

Kwa hiyo mastaa wafanye mambo matatu, na hakuna hata moja linalowanyima ugali. Kwanza, ukifungiwa bure, andika neno moja tu, tangazo. Shabiki atalipima kama anavyopima tangazo la sabuni. Pili, taja na vitu vingine vilivyofungwa, kwamba kuna turbo, kwamba kompyuta imepangwa upya, kwamba rejeta imebadilishwa, ili mwenye gari isiyo na turbo asidhani koni peke yake ndiyo imemwamsha mnyama. Tatu, ukirudisha boksi la zamani, sema umerudisha. Kama ulikuwa na mdomo wa kusifia, uwe nao wa kusahihisha.

Gereji nazo zina lao. Fundi anayejiheshimu anamuuliza mteja anaishi wapi na anapita barabara gani kabla hajashika spana. Wa Mbezi Beach kwenye lami na wa Charambe kwenye bonde si wateja wa aina moja. Boksi la kiwandani mteja akabidhiwe mkononi, lisibaki gereji kuuzwa spea kwa mtu mwingine, maana siku likihitajika kurudi ndipo watu wanagundua limeshaenda. Na mvua zikikaribia mteja apigiwe simu aje apandishiwe koni juu. Simu ya dakika moja ni rahisi kuliko injini.

Shabiki naye asijifanye hana akili. Kama kweli gari imepoa, aanze na huduma: filta mpya ya kawaida, plagi, oili kwa wakati, sensa isafishwe, rejeta iangaliwe, halafu tairi na breki. Gari nyingi zinazoitwa zimechoka zinaamka kwa hayo tu. Akishamaliza na bado ana hela na hamu ya bomba, na gari yake ina turbo, na amepata fundi wa kupanga kompyuta na kutengeneza boksi la kuitenga koni na joto, afunge kwa amani, tena afurahie sauti yake. Hapo anajua anachonunua.

Yule mama wa Chamazi hajui hata koni ni nini. Anachojua ni siku ya marejesho. Staa akiandika neno tangazo kwenye posti ijayo, hatapoteza mashabiki, na pengine kuna mama mwingine vitumbua vyake vitabaki kuwa vya ada ya shule.